Mahindi yakikwama Namanga: niliyojifunza kuhusu diplomasia ya biashara

Barua iliyofunga mlango iliandikwa Nairobi siku ya Ijumaa, tarehe 5 Machi 2021. Ilimtaka kamishna wa forodha wa Kenya azuie mara moja mahindi yote yanayotoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa nafaka (aflatoksini), nyingi kuliko kiwango salama kwa mlaji. Sisi mawakala wa forodha wa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hatukuletewa nakala. Tuliiona kwenye simu, imepigwa picha, inaruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Wakati huo malori yaliyopakia Kibaigwa na Babati yalikuwa yameshaanza safari, mengine yameshaipita Arusha.

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo ya nafaka upande wa Tanzania. Kila gunia linalovuka kwa mkono wangu lina kadhia yake, yaani nyaraka zake: cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, kibali cha kusafirisha nje, cheti cha ubora, hati ya forodha. Kwa sababu hiyo nimeziona serikali mbili zikigombana na kupatana mara nyingi, tena nikiwa karibu sana na pale ugomvi unapouma. Wengi hudhani mambo haya huanza na kumalizika marais wanapopeana mikono mbele ya kamera. Ninavyoyajua mimi, yanakaa kwenye karatasi na kwenye vipimo, na mfanyabiashara asiyezijua karatasi hizo hawezi kuisaidia hata serikali yake mwenyewe imtetee.

Nianze na mzigo. Nafaka haina subira. Saruji ikikwama mpakani, hasara kubwa ni muda na fedha anayodai mwenye lori kwa kila siku anayosubirishwa. Mahindi yakikwama yanabadilika. Namanga jua la mchana ni kali na usiku hewa inapoa, na ile tofauti inazaa unyevu chini ya turubai. Dereva mmoja wa Dodoma, mtu mzima aliyebeba nafaka tangu ujana wake, alifungua pembe ya turubai akaniambia nipitishe mkono katikati ya magunia. "Weka mkono hapo, dada. Usikie yanavyopumua." Palikuwa na joto kama la mwili wa mtu mwenye homa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mzigo ule ulikuwa umetoka ghalani ukiwa mkavu, karatasi ninazo. Lakini joto na unyevu ndivyo kuvu anavyovitaka. Mahindi yaliyozuiwa kwa kuogopa sumukuvu yalikuwa yanawekewa mazingira ya kuipata, na kila siku ya foleni ilikuwa inawapa nguvu waliosema mahindi ya Tanzania hayafai.

Pale uwanjani hasira zilikuwa nyingi. Wapo waliosema Wakenya wanawalinda wakulima wao, wapo waliosema ni siasa, wapo waliotaka na sisi tuyazuie malori yao yanayoshuka. Sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Kwetu, mwaka 2016, ilipiga Dodoma na Manyara, ikaua watu 20. Hiyo ndiyo mikoa ninayopokea mzigo wake. Kwa kuona na kunusa, hata ukiwa ghalani, huwezi kuijua sumu hii: haina rangi, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Nchi inayosema inataka kuwakinga watu wake na kitu cha namna hiyo ina haki ya kusikilizwa.

Haki hiyo ipo hata katika sheria za kimataifa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea, ulioanza kutumika Januari 1995, unairuhusu nchi kuzuia bidhaa ili kulinda afya. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Ila mkataba huohuo unadai zuio lisimame juu ya ushahidi wa kisayansi, lisizidi kiasi kinachohitajika, na wenzako wataarifiwe. Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya mwanadiplomasia wa biashara. Hapotezi muda kubishana kama jirani ana haki ya kupima. Anauliza: umepima nini, umepima vipi, sampuli ulizitoa wapi, na kwa nini hukunipigia simu kwanza?

Swali la sampuli linaonekana dogo hadi uone bambo likifanya kazi. Bambo ni kile chuma chenye mfereji ambacho mkaguzi anachoma nacho gunia na kuchomoa punje kidogo. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye mzigo. Inakaa kwa mafungu: gunia moja pembeni limelowa wakati wa kuvuna, limebeba sumu nyingi, na magunia mamia yanayolizunguka ni safi kabisa. Mkaguzi akichoma magunia machache ya juu, yaliyo karibu na mlango, anaweza kuusafisha mzigo mbovu au kuutia hatiani mzigo mzuri. Nimewahi kushika vyeti viwili vya lori moja, kimoja cha maabara ya upande huu na kingine cha upande ule, vikipingana, na hakuna aliyekuwa ameghushi. Kiwango chenyewe wamekubaliana, nacho ni sumukuvu jumla isiyozidi sehemu 10 katika bilioni. Sehemu kumi katika bilioni! Kwa kipimo chembamba namna hiyo, namna ya kuchoma gunia inaweza kuamua nani atalala na njaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango, ubora na upimaji tangu mwaka 2006, iliyokusudiwa kuzifanya nchi ziaminiane vipimo. Kuaminiana huko ndiko kunakokosekana, na hakupatikani kwa hotuba.

Serikali yetu haikujibu zuio lile kwa kufunga mlango wa bidhaa za Kenya. Ilichagua kuzungumza, na nadhani ule ulikuwa uamuzi mgumu kuliko unavyosikika, maana wafanyabiashara wengi walikuwa wanadai kisasi. Katika siku hizo tuliitwa kwenye kikao pale mpakani, mawakala, madereva na wenye mizigo, kuja kuwaeleza maofisa kilichotupata. Watu walizungumza kwa uchungu. Mama mmoja mfanyabiashara alilia, alikuwa amekopa fedha ya vikoba kununulia mzigo. Ofisa mmoja aliyetoka wizarani aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha kila mmoja alipomaliza alimuuliza maswali yaleyale: lori lako namba gani, liliingia foleni tarehe ngapi saa ngapi, umezuiwa na nani, amekupa karatasi gani? Wengi hawakuwa na jibu. "Waliniambia tu nirudi." Yule ofisa aliweka kalamu chini akasema, "Ndugu zangu, mimi nikikaa mezani na wenzangu wa Kenya siwezi kuwaambia 'waliniambia tu'. Nipeni kitu cha kuweka mezani."

Mawakala ndio tuliokuwa navyo. Tulitoa nakala za hati za forodha zenye saa ya kuingia, vyeti vya ubora, picha za mihuri. Usiku ule nilikaa na wenzangu wawili tukapanga jedwali la malori, moja moja, na kila moja vyeti vyake. Sijui jedwali letu lilifika mbali kiasi gani, ila niliona sura ya yule ofisa alipolipokea. Tangu hapo sijawahi kupokea katazo la mdomo bila kuomba liandikwe. Akikataa kuandika, naandika mwenyewe: saa, dirisha namba ngapi, maneno aliyosema. Vijana wa ofisini kwangu mwanzoni waliona ni usumbufu.

Tarehe 10 Machi Kenya ililegeza zuio. Mitaani ikatangazwa kwamba mpaka umefunguliwa, na kweli malori yakaanza kusogea. Lakini mlango ulifunguliwa kwa masharti: waagizaji wa Kenya wajisajili, kila mzigo uwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi kiwango, kuwe na cheti cha uasili kinachotaja mahindi yametoka wilaya gani, na maghala yajulikane. Mengine katika hayo yalikuwa ya maana sana na yalitakiwa yawepo zamani. Mkulima wa Kongwa anafaidika mahindi yake yakijulikana kuwa ya Kongwa, yasichanganywe na mabovu ya mtu mwingine. Ila kila sharti lina gharama na muda wake, na mwenye lori moja anaumia kuliko mwenye malori kumi. Wiki zile nilijifunza kusoma tangazo la kuondoa zuio kwa makini kuliko tangazo la kuweka zuio. Zuio ni sentensi moja. Kuliondoa kuna viambatanisho, na uhai wa biashara yako uko kwenye viambatanisho.

Nilijifunza pia kilichotokea kwenye njia za panya. Mlango mkubwa ulipobanwa, mahindi hayakuacha kwenda Kenya, maana njaa ya soko haisomi barua. Yalipita porini kwa pikipiki na punda, bila bambo, bila cheti, bila mtu kujua yametoka wapi. Mlaji wa Kitengela aliyekusudiwa kulindwa akala mahindi ambayo hakuna aliyeyapima. Hoja hii nimeisema kwenye kila kikao nilichoitwa, kwa maofisa wa pande zote mbili, na nimeona inaingia kuliko malalamiko ya hasara zetu, kwa sababu inagusa lile wanalolitaka wao.

Wiki moja baada ya masharti yale, Rais Magufuli alifariki, tarehe 17 Machi. Mwanzoni mwa Mei Rais Samia alikwenda Nairobi, akalihutubia bunge la Kenya, akakutana na wafanyabiashara. Kwenye mkutano ule Rais Kenyatta aliwapa mawaziri wake wiki mbili wamalize suala la mahindi yaliyokuwa yamekwama mpakani. Watu wa mpakani tulisikiliza redio kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Na ninakiri bila kusita kwamba ziara ile ilibadilisha hewa: simu zilianza kupokelewa, maofisa waliokuwa wanajibu kwa neno moja wakaanza kueleza. Kiongozi wa juu akisema jambo hili limalizike, ofisa wa dirishani anapata ujasiri wa kutumia akili yake. Hiyo ndiyo nguvu ya mkono wa rais.

Baada ya hapo ilikuja kazi ambayo haina kamera. Vikwazo vilivyokuwa vinalalamikiwa na pande zote viliorodheshwa, mawaziri wa biashara na wataalamu wao wakawa wanakutana na kuvipunguza kimoja kimoja. Rais Ruto alipokuja Dar es Salaam Oktoba 2022, Rais Samia alieleza kwamba kati ya vikwazo 68 vilivyoorodheshwa, 54 vimeshatatuliwa na 14 vimebaki. Mtu wa kawaida akisikia namba hizo anapiga makofi au anapuuza. Mimi huwa nauliza kikwazo kipi, maana najua kila namba pale ni tozo fulani, kibali fulani, stika fulani, ukaguzi unaorudiwa mara mbili, na nyuma yake kuna mtu aliyeandika malalamiko yenye tarehe na ushahidi. Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru, ya mwaka 2017, inayoweka kamati ya kitaifa katika kila nchi na kutaka vikwazo vipangiwe muda wa kuondolewa. Ukimwuliza mwenye lori pale Namanga kama ameisikia sheria hiyo, atakuambia hapana. Inaniuma sana, kwa sababu iliandikwa kwa ajili yake.

Na kuna umbali kati ya "kimetatuliwa" cha Arusha, makao makuu ya Jumuiya, na dirisha la mpakani. Nimeshuhudia tozo iliyofutwa kikaoni ikiendelea kudaiwa kwa sababu waraka haukumfikia anayekusanya, au ulimfikia akasema mfumo wa kompyuta bado unaidai. Tulichofanya ni kutembea na nakala ya uamuzi wenyewe. Unamwonyesha kwa adabu, "Mkuu, naomba usome hapa," na mara nyingi anasoma na kukubali. Wale watu si maadui. Wengi hawajapewa tu kile tulichopewa sisi.

Wazee wa Namanga wanakumbuka mpaka huu ukiwa umefungwa kabisa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 ulifungwa, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983, na familia za Kimasai zenye ndugu pande zote zikageuzwa wageni katika malisho yao. Nikiona viongozi wanatupiana maneno namfikiria mzee mmoja jirani yangu anayesema kipindi kile hakuna nchi iliyopata kitu. Hata hivi karibuni tumeonja kidogo. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto hapahapa, kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka 2020 wakati wa korona Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, Tanzania ikazizuia ndege za Kenya Airways, baadaye na mashirika mengine matatu ya Kenya, hadi Septemba orodha ilipobadilishwa na anga likafunguliwa. Madereva wetu ndio waliolipa gharama ya mvutano wa kipindi kile, wakipimwa Kenya wakiambiwa wana ugonjwa, wakipimwa kwetu wakiambiwa hawana.

Sitakuwa mkweli nikisimulia ya Kenya tu. Mwaka 2023 Tanzania ilisisitiza kwamba anayetoa mahindi nje awe na kampuni iliyosajiliwa nchini, namba ya mlipakodi na kibali cha kusafirisha, na safari hiyo foleni ilikuwa ya Wakenya waliokuwa wamezoea kununua bila hayo. Walikuja ofisini kwangu wakiwa na hasira ileile niliyoiona kwa watu wetu miaka miwili kabla. Masharti yenyewe nayaunga mkono, nchi lazima ijue chakula chake kinakwenda wapi na kodi yake iko wapi. Ghafla yake ndiyo siiungi mkono. Julai 2025 likatoka agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ununuzi wa mazao shambani ukiwemo, na Kenya ikalalamika kwamba linakwenda kinyume cha soko la pamoja ambalo itifaki yake inatumika tangu Julai 2010. Mkulima wa Kiteto anapunjwa na wanunuzi wa kila uraia, najua, nimewaona. Lakini bei yake shambani inapanda pale wanunuzi wanapokuwa wengi, na hilo pia nimeliona.

Aprili mwaka huohuo nilifuatilia kwa makini tulipozizuia bidhaa za kilimo za Malawi na Afrika Kusini. Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje, Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu kwa miaka. Zuio la Tanzania halikumaliza hata wiki mbili, pande zikawa zimeshakaa mezani. Wapo wanaosema hiyo ndiyo dawa, bana ndipo usikilizwe. Nakubali kwamba nchi isiyoonyesha uzito wake inaweza kuzungushwa miaka. Ila kwa kila siku ya zuio kuna malori Kasumulu, mpakani na Malawi, kama yalivyokuwa Namanga, na ndani ya malori hayo kuna vitu vinavyooza haraka kuliko mahindi. Mazungumzo yaliyofanyika baada ya zuio yangeweza kufanyika wiki moja kabla.

Kwa hiyo ninachokidai, na nimekiandika kwa njia zote zinazofaa, ni mambo machache. Nchi ikitaka kuzuia bidhaa ya jirani itoe taarifa ya maandishi mapema, labda wiki mbili, isipokuwa pale kuna hatari ya wazi kwa maisha. Mzigo uliokwisha kutoka ghalani ukiwa na vyeti halali upimwe na kuamuliwa kwa vyeti vyake, usihukumiwe kwa barua iliyoandikwa ukiwa njiani. Sampuli za mpakani zichukuliwe mbele ya wakaguzi wa pande zote mbili, kwa utaratibu mmoja, na nusu ya sampuli ifungwe kwa lakiri ibaki kwa ajili ya rufaa. Kituo chetu kilizinduliwa na marais wawili Desemba 2018, wakaguzi wa nchi zote wanakaa chini ya paa moja na wanakunywa chai kwa mama mmoja. Kuchoma gunia moja kwa bambo moja, wakishuhudia wote wawili, hakuhitaji jengo jipya wala mkataba mpya. Kunahitaji waraka wenye sahihi mbili, na ofisa wa kila upande aliyetumwa kuusimamia.